Mizani ya Saa Nane Usiku

Andiko la wiki: Mithali 11:1, Marko 10:46-52, Ezekieli 34:1-6



Jumapili iliyopita nilihubiri juu ya mizani. Tulisoma Mithali 11:1, tukaona kwamba mfanyabiashara anayechezea mizani hana kesi na mteja wake peke yake, ana kesi na Mungu. Watu walicheka nilipomtaja yule muuza nyama anayeegemeza kidole. Baada ya ibada dada mmoja aliningojea mlangoni. Mama yake ana saratani. Madaktari wamesema hakuna upasuaji tena, na familia imeelekezwa hospisi. Akaniuliza, "Pasta, nitajuaje kama hao watu wanafanya kazi nzuri? Maana huko mtu haponi ndio arudi kutoa ushuhuda." Halafu akashusha sauti: "Na nikimpeleka, si itakuwa nimekata tamaa na Mungu?"

Foleni ya salamu ilikuwa ndefu. Nilimjibu haraka haraka, nikamwombea, akaenda. Lakini wiki nzima swali lake limekataa kunitoka. Kusema ukweli, ni mtihani ambao mimi mwenyewe niliufeli, na aliyelipia ni baba yangu. Kwa hivyo dada, hili ndilo jibu lako, nimelichelewesha kwa siku chache. Wengine wote karibuni msikilize.

MTEJA ASIYERUDI

Wengi mnajua nilisomea biashara chuo kikuu kabla ya kuingia katika huduma. Kitu kimoja tulifundishwa mapema: ubora wa huduma husemwa na mteja. Kinyozi mbaya humjui kwa bango lake, unamjua kwa sababu watu hawarudi. Mama wa chapati akipunguza unga, kesho utanunua kwa jirani yake. Soko linasikia kwa sababu mteja anaweza kuondoka.

Sasa angalia huduma ya mtu anayeelekea kufa. Mteja hawezi kuondoka. Mara nyingi hata sauti hana. Hatarudi kulalamika, na hatawaonya majirani. Tena anayelipa si yeye. Wanaolipa ni watoto wake, ambao mchana wako kazini na jioni wanapitia kwa nusu saa. Kwa hivyo anayetoa huduma ana jaribu kubwa la kumpendeza anayelipa na kumsahau anayelala kitandani. Ataweka vigae vinavyong'aa, ataweka maua pale mapokezi, ataandika ripoti safi. Watoto wataridhika, pesa italipwa, na hakuna aliyedanganya waziwazi.

Kile kipimo kingine tulichozoea hospitalini, kwamba mgonjwa alipona, hapa hakitumiki. Huwezi kusema hospisi ni mbaya kwa sababu wagonjwa wake wanakufa, kama vile huwezi kumlaumu mkunga kwa sababu mtoto amezaliwa akilia. Sasa tupime kwa nini? Kwa bei? Kwa usafi? Kwa vile sisi familia tulijisikia siku ya mazishi?

Baba yangu alikuwa na jibu, lakini sikujua analo.

Aliendesha malori kwa miaka 29, Mombasa hadi Malaba. Alikuwa na neno lake kuhusu magesti ya njiani, kuanzia Mtito Andei hadi Salgaa. Alikuwa akisema, "Gesti usiipime mchana. Mchana kila mtu anatabasamu. Ipime ukifika saa nane usiku, umechoka, umelowa, na hujui mtu." Sisi watoto tulidhani anaongea juu ya magesti tu.

KITABU CHENYE JIBU MOJA

Baba alipogunduliwa na saratani ya tezi dume, ilikuwa imeshaingia mifupani. Alitibiwa, akapata nafuu, ikarudi. Mgongo ukaanza kumwuma, halafu nyonga. Mama alikuwa ametangulia mbele za Bwana, na mimi na mke wangu tunafanya kazi, kwa hivyo nikamtafutia pahali pa kutunzwa. Nilifanya vile nilivyofundishwa. Nilitembelea nyumba tatu, nikatengeneza jedwali kwa kompyuta: bei, usafi, idadi ya wauguzi, umbali kutoka barabara ya lami. Nikachagua ile iliyopata alama nyingi. Jina lake sitalitaja, kwa sababu hawako hapa kujitetea, na kwa sababu kosa halikuwa lao peke yao.

Kulikuwa kusafi kweli. Kila jioni nikifika nilionyeshwa kitabu cha ripoti, na kila siku maneno yalikuwa yale yale: "Mgonjwa alilala vizuri." Nilisoma kitabu kabla ya kumwona mgonjwa. Kisha naketi karibu naye, namshika mkono, namwuliza, "Baba, tunaendelea kuamini, sivyo?" Naye anajibu, "Bwana asifiwe, pasta wangu. Niko salama." Tunaomba, naenda nyumbani nikiwa nimejengeka.

Ilikuwa hivyo kwa wiki tatu.

Kisha mama mmoja wa hapa kanisani, ambaye alimuuguza mume wake hadi mwisho, alikwenda kumsalimia. Akanipigia simu jioni ile. "Pasta, nisamehe, lakini mzee wako anaumia. Nimeona vile anashika shuka akigeuka." Akanipa nambari ya hospisi iliyomsaidia mume wake. Nitakiri kwamba nilikasirika kidogo. Niliwaza, huyu anajuaje kuliko mimi niliye mtoto wake? Lakini nilipiga.

Muuguzi wa hospisi alikuja Alhamisi. Nilimpa kitabu cha ripoti, akakiweka kando bila kukifungua. Alivuta kiti, akakaa mpaka macho yake yakawa sawa na macho ya baba, akamwambia, "Mzee, nitakuuliza kitu, na utanijibu kwa mkono. Ukifunga ngumi, hakuna maumivu. Ukifungua vidole vyote vitano, ni maumivu makali kuliko yote. Siku hizi tatu, imekuwa ngapi?"

Baba aliniangalia mimi kwanza. Wapendwa, ule mtazamo sijausahau. Ni mtazamo wa mtu anayeomba ruhusa. Muuguzi aliuona, akaniambia kwa upole, "Pasta, hebu tupe dakika kidogo." Nikatoka. Mlango haukufungika vizuri. Nikaona mkono wa baba ukiinuka pole pole kutoka kwa blanketi, vidole vitano.

Kumbe usiku alikuwa halali. Usiku wa kwanza alipiga kengele, hakuna aliyekuja mpaka alfajiri, na tangu hapo hakupiga tena. Lile neno "alilala vizuri" liliandikwa na mtu aliyepita mlangoni akaona taa imezimwa. Nilitaka kwenda kugombana na wasimamizi, na nilienda. Lakini kabla ya hapo nilimwuliza baba, "Kwani kwa nini hukuniambia mimi?" Akasema, "Wewe ni mchungaji. Watu wote wanajua uliniombea. Ningesema nini?"

Hapo ndipo nilielewa Mithali 11:1. Ile nyumba ilikuwa na kitabu kilichoandikwa jibu moja tu. Na mimi, mtumishi wa Mungu, nilikuwa na swali lenye jibu moja tu. "Tunaendelea kuamini, sivyo?" Nani atamjibu mchungaji "la"? Muuza nyama anaegemeza kidole kwenye mizani. Mimi niliegemeza imani ya baba yangu, na akailipia kwa usingizi wake.

Ukisoma Marko 10, yule kipofu wa Yeriko anapaza sauti na kila mtu anaona shida yake ni nini. Hata hivyo Yesu anasimama, anamwita, na anamwuliza anataka afanyiwe nini. Nimehubiri hapo mara nyingi juu ya imani ya Bartimayo. Sikuwahi kuhubiri kwamba Bwana aliyejua jibu alijali kuuliza. Mimi nisiyejua sikuuliza.

MASWALI KUMI

Baadaye yule muuguzi alinionyesha karatasi wanayotumia. Ni kipimo kilichotengenezwa kwa ajili ya Afrika na chama cha huduma shufaa cha bara letu, APCA, chenye makao Kampala. Huduma shufaa ni ile ya kutuliza maumivu na taabu za ugonjwa, hata pale ugonjwa wenyewe hauponyeki. Maswali ni kumi, na kila moja linajibiwa kwa namba, kuanzia 0 hadi 5.

Saba ni ya mgonjwa mwenyewe. Maumivu yamekuwa kiasi gani siku tatu zilizopita? Dalili nyingine, kama kichefuchefu, kukohoa au kufunga choo, zimemsumbua kiasi gani? Amekuwa na wasiwasi juu ya ugonjwa? Ameweza kuwaeleza watu wake jinsi anavyojisikia? Ameona maisha yana thamani? Amekuwa na amani? Amepata msaada na ushauri wa kutosha ili familia yake ipange ya mbele? Matatu yanayobaki ni ya familia: mmepewa habari kiasi gani, mna uhakika gani katika kumtunza, na mna wasiwasi kiasi gani juu yake.

Kama mtu wa biashara niliiangalia ile karatasi kwa muda mrefu. Hakuna swali la vigae. Hakuna hata "umeridhika na huduma yetu?", lile swali ambalo kila mtu hujibu "ndiyo" ili aachwe. Na nilielewa kwamba zile alama, ingawa zinatoka kwa mgonjwa, anayepimwa ni mhudumu. Leo tano, wiki ijayo bado tano, basi kuna mtu hafanyi kazi yake. Leo tano, Jumatatu mbili, basi kazi imefanyika. Kuuliza mara moja hakutoshi. Lazima urudi uulize tena, na lazima kitu kiwe kimebadilika katikati.

Wazo hili lina mizizi ambayo sisi waumini tunaweza kuitambua. Mwaka 1967 mama mmoja Mwingereza, Cicely Saunders, alifungua St Christopher's Hospice kule London. Alikuwa Mkristo. Alianza kama muuguzi, akawa mfanyakazi wa ustawi wa jamii, kisha akasomea udaktari. Alifundisha kwamba maumivu ya mtu anayekufa yako katika mwili, katika hisia, katika mahusiano yake na watu, na katika roho, yote kwa wakati mmoja. Alifundisha pia kwamba dawa itolewe kwa saa zake kabla maumivu hayajarudi, badala ya kungoja mgonjwa alie ndipo apewe. Yule Christopher anajulikana katika mapokeo ya makanisa mengine kama mlinzi wa wasafiri. Sisi hatuna desturi hiyo, lakini nilipenda fikira yenyewe: pahali pa msafiri kupumzika. Dereva wa lori angeielewa. Hapa kwetu Nairobi Hospice ilianzishwa mwaka 1990, kwenye uwanja wa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, na baadaye miji mingine ikapata za kwao.

Baba alianzishiwa mofini ya maji. Ni dawa chungu, inapimwa kwa sindano isiyo na ncha, inanywewa. Kila baada ya saa nne, na ile ya wakati wa kulala mara mbili, ili imvushe usiku. Pamoja nayo alipewa dawa ya kulainisha choo, kwa sababu mofini hufunga choo, na mhudumu anayekupa moja bila nyingine hajafikiria kesho yako. Kabla ya wiki mbili kuisha baba alionyesha vidole viwili. Na saa nane usiku alikuwa amelala.

Tulimrudisha nyumbani Njoro. Hospisi nyingi za Kenya si nyumba za vitanda. Unakwenda kliniki yao, au wao wanakuja kwako. Walitufundisha kumgeuza bila kumwumiza, kumsafisha kinywa, kuangalia ngozi ya mgongo isichubuke. Mke wangu alikuwa hodari kuliko mimi.

Kisha siku moja wakafika kwenye swali la amani. Katika swali hilo vidole vitano ni vizuri. Baba alionyesha vitatu. Muuguzi hakumhubiria. Aliuliza tu, "Nini kingeifanya iwe minne, mzee?" Baba akanyamaza, halafu akamtaja ndugu yake mdogo. Hawakuwa wameongea tangu shamba la babu ligawanywe, miaka kumi na moja. Mimi nilidhani mambo hayo yalikwisha. Nilikuwa nimemwombea baba kila siku kwa miezi, na sikuwa nimejua anachokililia. Nilimpigia baba mdogo, akaja Jumamosi. Walikaa wawili, mlango umefungwa, karibu saa mbili. Walisemezana nini sijui, na si lazima nijue. Najua tu kwamba baada ya hapo baba aliitisha chai.

Alilala katika Bwana wiki saba baadaye, alfajiri, nyumbani. Sitawadanganya kwamba hakuumia tena hata siku moja. Kuna siku maumivu yalirudi, tukapiga simu, dawa ikaongezwa. Lakini hakukuwa na usiku ambao aliita na hakuna aliyekuja.

JE, NI KUKATA TAMAA?

Dada, sasa swali lako la pili. Mimi naamini Mungu anaponya. Nimeona. Siwezi kusimama kwenye madhabahu ya kanisa hili kama siamini. Lakini fungua 2 Wafalme 13:14. Elisha, yule aliyemfufua mtoto wa Mshunami, aliugua ugonjwa uliomwua. Biblia haisemi alipungukiwa imani. Na mistari michache mbele, mifupa ya huyo huyo aliyekufa kwa ugonjwa inamfufua mtu. Upako haukumwacha kwa sababu alikuwa mgonjwa. Kama Elisha aliruhusiwa kuwa mgonjwa, mama yako pia anaruhusiwa.

Hospisi haikutuambia tuache kuomba. Tuliomba zaidi, kwa sababu sasa baba aliweza kuomba pamoja nasi. Mtu mwenye vidole vitano vya maumivu hawezi kufuata hata Zaburi moja hadi mwisho.

Kuna ndugu atasema, "Lakini Yesu msalabani alikataa ile divai iliyotiwa manemane." Ni kweli, iko Marko 15:23. Hilo ni neno zito na sitaki kulipita haraka. Bwana alikunywa kikombe ambacho hakuna mwingine angekinywa, na alikataa kitulizo kwa ajili yake mwenyewe. Nionyeshe pahali alipomkatalia mgonjwa mwingine. Yule Msamaria wa Luka 10, ambaye Yesu alimtoa kama mfano, alimimina mafuta na divai kwenye majeraha kabla ya swali lolote la mafundisho. Kujinyima mwenyewe kunaweza kuwa ibada. Kumnyima mwingine aliye na maumivu, na kuita hiyo imani yako, ni kitu kingine kabisa.

Wengine wanaogopa mofini yenyewe. Wamesikia ni dawa ya kulevya, au ndiyo "sindano ya mwisho". Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha ya dawa muhimu. Ikitolewa kwa kipimo cha mhudumu aliyefunzwa, ikipandishwa pole pole kulingana na maumivu, kazi yake ni kutuliza, si kuua. Anayeitumia hivyo hafanani na mtu wa kileo pale stendi. Waulizeni wahudumu maswali yenu yote. Mhudumu mzuri hachoki kuulizwa.

BASI ULIZA HIVI

Ukienda kuiangalia hospisi au nyumba ya kutunza wagonjwa, dada, acha jedwali langu la kompyuta. Angalia kama wanaongea na mama yako au wanaongea juu yake akiwa hapo hapo. Uliza wanapimaje maumivu, na baada ya kupima wanarudi lini. Uliza kama mofini ya kunywa ipo kwenye kabati leo, na ikiisha wanafanya nini. Uliza nani anashika simu saa nane usiku. Kisha usiku mmoja piga uone.

Angalia kama wanawafundisha ninyi familia, na kama wanawaambia ukweli kuhusu ugonjwa na kuhusu gharama kabla hujalipa. Angalia wanavyoichukua imani ya mama. Asiyemruhusu mgonjwa aombe hafai, na anayemlazimisha aombe hafai pia. Uliza kama baada ya mazishi kuna mtu atawapigia kujua mnaendeleaje. Sisi walitupigia, na nilikuwa nahitaji ile simu kuliko nilivyojua.

Na uwe na haki nao pia. Wengi wanafanya kazi na watu wachache na pesa kidogo. Ukiona rangi imebambuka ukutani lakini muuguzi anakaa chini na kumsikiliza mgonjwa, kaa hapo.

MUNGU ANAKAGUA ZIZI

Nikiishia hapo nitakuwa nimewakagua wengine na kujiacha. Katika Ezekieli 34 Mungu anawakagua wachungaji. Haangalii kondoo ni wangapi, wala zizi limejengwa kwa mawe gani. Anauliza habari za aliye dhaifu, aliye mgonjwa, aliyevunjika, aliyepotea. Yaani anapima zizi lote kwa yule kondoo mmoja asiyeweza kusimama.

Kanisa nalo ni mtoa huduma, wapendwa. Tunapimwaje? Mtu wetu akifa, kikundi cha WhatsApp kinafunguliwa saa hiyo hiyo. Kuna kamati, mweka hazina, hema, viti, basi mbili, programu ya kurasa nane zenye picha za rangi. Sisemi ni vibaya, kumzika mtu kwa heshima ni jambo la Mungu. Lakini huyo huyo mtu miezi mitatu kabla alikuwa akikosa diapa za wazee, na nauli ya kwenda kliniki, na mtu wa kumkalia Jumanne mchana ili binti yake aende sokoni. Kwa hilo hatukuwa na kamati. Tulimngoja awe marehemu ndipo awe mradi wetu.

Na tukimtembelea, tunafanyaje? Tunaingia watu kumi na wawili, tunaimba, tunakemea, tunatabiri, tunakunywa chai ya mwenye nyumba, tunaondoka. Marafiki wa Ayubu walianza vizuri kuliko sisi. Waliketi naye siku saba mchana na usiku bila kusema neno, kwa sababu waliona uchungu wake ni mkubwa. Walipoanza kumweleza sababu ndipo walipoharibu. Ni wangapi katika washirika wetu wanatujibu "niko salama" kwa sababu hatujawaachia jibu lingine?

Kwa hivyo nimemwomba mchungaji kiongozi, naye amekubali, kwamba kuanzia mwezi ujao tuwe na zamu ya usiku. Watu wawili wawili, kwa familia yoyote ya kanisa hili yenye mgonjwa wa kitandani, ili anayeuguza alale usiku mmoja kwa wiki. Hutahubiri. Utageuza mgonjwa, utampa maji, utapiga simu ikihitajika, na ukiulizwa kuomba utaomba. Mwenye kutaka aniandikie jina lake pale meza ya ushers. La kwanza kwenye orodha ni langu.

Kwa vikundi vya nyumbani wiki hii, jadilini haya mawili. Ni swali gani tunawauliza wagonjwa wetu ambalo lina jibu moja tu? Na kama mmoja wetu angeita leo saa nane usiku, nani angeamka?

Tuombe. Baba yetu uliye mbinguni, wewe husinzii. Tusamehe kwa maswali tuliyouliza bila kutaka kujibiwa. Wakumbuke wote wanaoumia usiku huu katika mji huu, na wauguzi wao, na watoto wao waliochoka. Tufundishe kuketi, kuuliza, kuamini tunachoambiwa, na kurudi tena. Katika jina la Yesu. Amina.